Leso Iliyoanikwa Kwenye Barafu

Boksi lilinifikia nyumbani kwangu Riruta Jumamosi moja mchana, limezungushiwa gundi ya karatasi hadi kona zake zikapotea. Aliyelileta alikuwa mwanamke nisiyemjua. Alikuwa amefanya kazi na Senje wangu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Uswidi, na sasa alikuwa amekuja kuwaona wazazi wake. Alikataa kuketi. Alikataa hata chai.

"Aliniambia nikupe wewe mkononi," alisema. "Si mama, si baba. Wewe."

Senje, yaani dada ya baba kwa lugha ya kwetu Wabukusu, alikuwa amefariki miezi miwili kabla ya hapo. Aliagiza azikwe hukohuko kwenye baridi, jambo lililowaudhi wazee wa ukoo, na sisi tukamwombea bila mwili, tukiizunguka picha yake iliyowekwa juu ya kiti.

Nilikata gundi kwa kisu cha jikoni, na kabla sijaona chochote harufu ikanijia: sufu iliyolowa, ikakaukia juu ya chuma cha moto. Nilikaa sakafuni. Kulikuwa na kofia ya sufu ya mtoto. Ndani ya kofia kulikuwa na leso ya mama yangu, ile nyekundu na nyeupe, imefifia hadi nyekundu yake imekuwa kama maji ya nyama. Na ndani ya leso kulikuwa na kulabu moja ya kutundikia koti, iliyopakwa rangi ya kijani, pamoja na skrubu zake mbili. Hakukuwa na barua.

Miaka yangu yote nilimshuku mwanamke huyu. Niliamini kwamba alijaribu kuniiba.

Sisi tuliokulia Soweto, mtaa wa mabanda, tunajua likizo lilikuwa neno la namna gani. Halikuwa neno la kupumzika. Shule zilipofungwa watoto walipelekwa ushago, yaani kijijini, na shule zilipofunguliwa wengine walirudi na wengine hawakurudi. Hakuna aliyetangaza. Ungemtafuta mwenzako kwenye foleni ya maji ukaambiwa yuko kwa nyanya yake, anasoma huko, huko kuna maziwa. Kaka yangu Barasa alitutoka hivyohivyo.

Nilikuwa na miaka mitano, yeye minane. Jioni kabla ya safari Mama alipika kuku, na Baba akaitoa firigisi kwenye sahani yake akampa Barasa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mtoto haigusi. Barasa aliitafuna polepole sana huku akinitazama, ili nijue mimi ni nani na yeye ni nani. Tulikaa siku tatu kwa Kukhu, nyanya yetu, kule Bungoma. Asubuhi ya nne Mama aliniamsha mimi peke yangu. Barasa alikuwa amelala mdomo wazi, mguu mmoja nje ya blanketi.

Nje kulikuwa na umande. Mama aliifungua leso yake kiunoni, akaichovya kwenye beseni, akaikamua, akaianika kwenye kamba mbele ya dirisha. Kisha akazivuta pembe zake ili maua yake yaonekane vizuri.

"Mama, si tunaenda?"

"Nyamaza."

"Na leso?"

"Akiamka akiiona atajua niko karibu. Hatalia."

Baadaye Kukhu alisimulia kwa kicheko kwamba Barasa alikaa chini ya ile leso siku nzima akingoja Mama arudi kutoka mtoni. Hakulia hata kidogo. Alilia jioni, ilipoanuliwa. Watu wazima waliisimulia hadithi hiyo kama hadithi ya akili ya Mama. Mimi niliicheka pamoja nao, lakini nilikuwa nimeiona ikianikwa. Nilijua kazi ile inavyofanywa, na niliweka moyoni: ukiona leso ya mama kwenye kamba na mama mwenyewe haonekani, basi umeshaachwa.

Miaka miwili baadaye Baba alirudi kutoka karakana yake ya Sarang'ombe, alikotengeneza vitanda kando ya barabara, akiwa na vumbi la mbao nyusini na bahasha mkononi. Senje alikuwa ametualika. Alikuwa amelipa tikiti zote: Baba, Mama, mimi, na Simiyu mdogo aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Tungekaa wiki mbili. Baba alitafuta neno la kutuambia, akapata lile.

"Tunaenda likizo," alisema.

Nilimtazama Mama. Mama alitazama sufuria.

Jirani yetu Mama Atieno, aliyekaanga samaki mlangoni pake, hakuficha mashaka yake.

"Likizo?" alisema huku akigeuza samaki. "Mama Barasa, usinichekeshe, mafuta yataniruka. Mtu wa Soweto anaenda likizo wapi, kama si matanga?"

"Wifi ametuita. Wiki mbili tu."

"Na nani anabaki?"

"Anabaki wapi?"

"Huko! Watu hawaendi majuu wote wakarudi wote, dadangu. Lazima mmoja abaki ashike nafasi."

Mama alicheka. Aliendelea kucheka muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akaniona nimesimama na mtungi wangu wa maji, akanyamaza.

Atieno, binti yake, ambaye tulilingana umri, alinisubiri mferejini.

"Niaje Neke. Nasikia unaenda majuu."

"Eeh."

"Utarudi ukiongea na pua."

"Nitarudi."

"Si ndio nimesema, utarudi. Kwani nani amekataa?"

Hakuna aliyekuwa amekataa. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nilianza kuhesabu dalili jinsi mwenye nyumba anavyohesabu matone ya paa linalovuja. Mama aliniwekea begi langu la peke yangu, ilhali nguo zetu zote siku zote zilisafiri pamoja ndani ya mfuko mmoja. Aliniongoza hadi soko la Toi akaninunulia viatu, na viatu vile vilinitosha. Mtu ambaye hakukulia kwetu hataelewa. Mama hakuwahi kuninunulia kiatu kilichonitosha. Alinunua cha mwaka ujao, na mwaka huu nikajaza magazeti kwenye vidole. Sasa alikuwa amenunua kiatu cha mwaka huu, kana kwamba cha mwaka ujao kingenunuliwa na mtu mwingine.

Na jioni ya mwisho tulikula kuku. Baba aliikata firigisi vipande viwili, akaniwekea kimoja.

"Kula, mama," aliniambia kwa upole.

Niliiweka mdomoni. Ilikuwa ngumu na tamu, na sikuweza kuimeza.

Jambo baya zaidi ni kwamba nilikuwa nimempenda Senje. Kabla hajaenda ng'ambo alikuwa na kibanda cha kusukia nywele Kawangware, na Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kwake. Nilikaa katikati ya magoti yake huku akinisuka, mikono yake ikinukia mafuta ya nywele, na akiniuma kwa kitana alinipuliza kichwani kama anayepoza uji. Alikuwa hana mtoto. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu walimwambia, "Si uchukue huyu wa ndugu yako?" Naye alijibu, "Nitamchukua, mtaona." Watu wote walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa, ndani ya ndege, nilikumbuka maneno yale na sikuona cha kuchekesha.

Baridi ya kule haikuwa kama ya Julai kwetu, ile inayokaa nje ukiifungia mlango. Ilikuwa kama mtu anayekutafuta. Iliingia puani ikazikausha nywele za ndani, ikanishika masikio kama mwalimu. Senje alitupokea akiwa amevaa koti hadi magotini, akatukumbatia mmoja mmoja, na mimi alinikumbatia mwisho na akakawia. Nilihesabu. Nilifika tisa kabla hajaniachilia.

Nyumba yake ilikuwa ya chini kabisa katika jengo refu, yenye roshani ndogo iliyokaribia kugusa theluji. Mlangoni tulivua viatu. Kulikuwa na safu ya kulabu ukutani, juu, za watu wazima. Na chini yake, sawasawa na bega langu, kulikuwa na kulabu moja peke yake, mpya, ya kijani.

"Hiyo ni yako," Senje alisema.

"Uliita fundi?" Baba aliuliza.

"Nimeiweka mwenyewe. Kwani fundi duniani ni wewe peke yako?"

Baba aliinama akaitikisa kama anavyotikisa mguu wa kitanda. "Ah, dada, umeweza. Hii imeshika. Hii haitoki."

Mimi nilikuwa binti wa seremala. Kwetu nguo zilitundikwa kwenye misumari, na Baba alikuwa amenifundisha tangu niweze kushika nyundo kwamba msumari ni wa leo, lakini skrubu ni ya kukaa. Mgeni wa wiki mbili hutundika koti lake kwenye kiti. Hapimwi bega kabla hajafika. Koti nililonunuliwa nililitundika kwenye ile kulabu kwa sababu wote walikuwa wakinitazama, na tangu hapo kila nilipopita nililitazama kama mtu anayetazama jina lake limeandikwa mahali ambapo hakuliandika.

Ningependa kuwaambia kwamba niliona uzuri wa nchi ile. Najua ulikuwepo, picha ziko. Katika picha Simiyu anacheka, ameketi juu ya theluji kama andazi kwenye sukari, na Mama ameshika theluji kwa mikono miwili kama anayeomba. Mimi katika kila picha natazama pembeni. Nilikuwa nikimtafuta yule ambaye hakuwa kwenye picha, kujua yuko wapi na anafanya nini.

Jua lilichomoza wakati ambao shuleni kwetu tungekuwa tumeshakunywa uji wa saa nne, na saa tisa likazama. Nilimwambia Mama kwamba hata jua la kule linaondoka bila kuaga. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Kisha niliona watoto. Nje ya duka, hatua chache kutoka kwa Senje, kulikuwa na vigari vya watoto vimepangwa ukutani, vitatu au vinne. Nilichungulia kimoja. Ndani mlikuwa na mtoto mchanga, amelala, pua nyekundu, theluji ikimwangukia kwenye kifuniko. Hakukuwa na mtu karibu.

"Senje! Wameacha mtoto!"

"Mama yake yuko ndani ananunua vitu," Senje alisema. "Hapa wanawalaza nje. Wanasema hewa baridi ni nzuri kwa mtoto."

"Na akiibwa?"

"Nani aibe mtoto, Nekesa?"

Nilimtazama tu. Nilikuwa nimeelewa kwamba tulikuwa tumefika katika nchi ambako watu huacha watoto wao nje kwenye barafu mchana kweupe, na hakuna anayeshangaa. Lakini niliendelea kuangalia, kila siku tulipopita pale, na niliona jambo jingine. Wale mama walitoka. Walitoka na mifuko yao, wakakifuata kila mmoja kigari chake, wakakisukuma kwenda nyumbani. Hawakukosea. Hawakusahau hata mmoja.

Nyumbani watu wazima waliongea Kibukusu kwa sauti ya chini jikoni, na nilipoingia waliongea Kiswahili kuhusu chakula. Niliamua kujifanya mtoto asiyefaa kuibwa. Nilimwaga uji kwenye kitanda chenye shuka za sungura ambacho Senje alikuwa amenitandikia. Nilikataa kusukwa. Alipokaa kwenye kochi akanifungulia magoti yake kama zamani za Kawangware, nilisimama mbali.

"Njoo, kichwa chako kimekuwa kichaka."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Nyumba yako inanuka."

"Inanuka nini?"

"Wazee."

Mama alinyanyuka kunipiga. Senje alimshika mkono.

"Ni kweli," alisema. "Huwa naoga kabla sijatoka kazini, nikifika naoga tena. Haitoki." Akaenda kunawa mikono, ingawa alikuwa ametoka kunawa.

Asubuhi niliyoingoja ilikuja kama nilivyojua itakuja, bila kelele. Niliamka na nyumba ilikuwa imetulia vibaya. Kilio cha Simiyu hakikuwepo. Kikohozi cha Baba hakikuwepo. Senje alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anakoroga kitu.

"Mama yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Atarudi sasa hivi." Hakugeuka.

Nilienda sebuleni nikasogeza pazia la roshani. Nje, kwenye kamba, leso ya Mama ilikuwa imeanikwa. Nyekundu na nyeupe, pembe zimevutwa ili maua yaonekane. Ilikuwa imeganda. Haikupepea, ilining'inia kama bati. Hakuna mtu katika mji ule mzima aliyekuwa ameanika nguo nje, majengo yote yalikuwa matupu kama nyuso za watu wasiokujua, na mama yangu, aliyefua nguo za watu tangu nimjue, hangeweza kudhani kwamba nguo hukauka kwenye barafu. Haikuanikwa ikauke. Ilianikwa ili nione.

Sikulia. Kumbukumbu ya Barasa ilinifundisha kwamba anayekaa chini ya leso ndiye anayebaki. Koti langu lilikuwa kwenye ile kulabu ya kijani, na niliona kwamba nikilichukua pale nitakuwa nimekubali pawe pangu. Nilifungua mlango wa roshani, nikaivuta leso, ikatoa mlio kama kijiti kinachovunjika, nikaruka ukuta mdogo nikaangukia theluji hadi magotini, nikiwa na soksi.

Sikukimbilia uwanja wa ndege. Sikujua uko wapi. Nilikimbilia dukani. Vigari viwili vilikuwepo. Nilisimama katikati yake, mgongo ukutani, nimeikumbatia ile leso ngumu kifuani kama ubao. Kama kuna mahali katika nchi hii ambapo mama hutoka na kuchukua mtoto wake bila kukosea, nilifikiri, ni hapa.

Senje alinikuta pale. Alikuwa amekimbia bila koti na bila kofia, na viatu vyake havikuwa vimefungwa. Alisimama mbele yangu akihema moshi.

"Unafanya nini hapa?"

"Nangoja wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Wenye mimi."

Uso wake uliingia mahali ambapo sijawahi kuona uso wa mtu ukiingia, na mimi nilidhani ni hasira. Alichuchumaa, akanivua soksi zilizokuwa zimelowa, akaichukua leso akaipiga kwenye goti lake, mara moja, mara mbili, hadi barafu yake ilipovunjika-vunjika ikalainika, akanifunga miguu nayo, akanibeba mgongoni kama Simiyu. Nilisikia moyo wake ukigonga kwenye kifua changu. Nyumbani aliniketisha karibu na chuma cha kupasha nyumba joto, akanivika kofia ya sufu ikalowa theluji ya nywele zangu, akachukua simu, akaenda jikoni, akafunga mlango. Nilisikia sauti yake ya Kibukusu ikipanda. Nilijua ananishtaki.

Walirudi baada ya muda. Mama aliingia kwanza, na akapiga magoti na viatu vyake mlangoni, jambo lisilofanywa katika nyumba ile. Nyuma yake Baba alivuta masanduku yetu mawili. Magurudumu yalikuwa yamejaa theluji.

"Tulikuwa tumeenda dukani," Mama alisema.

"Na masanduku?"

"Kuyapima uzito," Baba alisema, akitazama ukuta.

Siku hiyohiyo tulisafiri, sote wanne, mbio, Simiyu akilia, miguu yangu ikiwasha. Senje hakutusindikiza. Alinipa mkono mlangoni kama mtu mzima anavyompa mtu mzima, hakunikumbatia hata kwa hesabu ya moja. Nilipotazama nyuma alikuwa amesimama karibu na ile kulabu, ameishika.

Hadithi ikawa ya kuchekesha. Kila Krismasi ilisimuliwa: Nekesa aliyetoka kwenye barafu na soksi kwa sababu mama yake ameenda dukani. Niliicheka. Lakini magurudumu yale nilikuwa nayo moyoni, na jibu nililojipa lilikuwa moja. Senje alikuwa amewafukuza wazazi wangu ili abaki na mimi, wao wakagundua wakarudi. Alipopiga simu, kila Krismasi, akaniulizia, nilimfanyia Mama ishara kwa mkono: mwambie niko bafuni. Nilikuwa bafuni miaka mingi. Mara moja alikuja Kenya, akakaa wiki moja Kawangware kwa rafiki yake wa zamani, umbali ninaoweza kutembea kwa mguu kutoka hapa. Nilisema nina kazi.

Siku ile ya boksi niliikunja leso nikaenda nayo Soweto East. Mama sasa anaishi kwenye majengo mapya yaliyojengwa pale, orofa ya tatu. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda akichambua kunde. Barasa alikuwa amemletea gesi asubuhi ile, mtungi bado ulikuwa mlangoni. Baba yuko Bungoma siku hizi, na ng'ombe wake wawili. Niliiweka leso mapajani mwake, juu ya majani.

Aliigusa kwa kidole kimoja.

"Mama. Mlikuwa mmeenda dukani?"

Alichambua majani mawili zaidi.

"Nimekungoja uulize," alisema. "Kila Krismasi nasema leo atauliza. Wewe unacheka tu."

"Nauliza sasa."

"Tulikuwa tumekuacha." Aliinua macho. "Senje yako aliomba, na kwetu dada ya bwana akiomba mtoto humnyimi. Lakini nisimsingizie marehemu. Hata asingeomba, ningempa. Nilitaka usome. Nilitaka mmoja wenu asifue nguo za watu. Makaratasi alisema angeyashughulikia. Tulikuwa tumefika kituo cha treni. Leso niliianika mimi, maji yakiganda kwenye vidole."

"Halafu mkagundua nini?"

"Hatukugundua chochote. Alipiga simu. Akasema, 'Mama Barasa, rudini haraka, huyu ana wenyewe.' Nikamwambia atazoea, hata Barasa alizoea. Akanifokea. Senje yako Nafula hakuwahi kunifokea maishani. Akasema, 'Naosha wazee ambao kila asubuhi wananiuliza kama watoto wao wamefika. Sitaki kurudi nyumbani niulizwe na mtoto.'"

Niliutazama mtungi wa gesi. Sikuweza kumtazama yeye.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa. Alisema yeye atakuwa mbali, heri umchukie yeye kuliko utuchukie sisi." Mama alikusanya majani ya kunde yaliyomwagika, moja moja. "Nikakubali. Ilikuwa rahisi, mwanangu. Nikakubali."

"Na Barasa?"

"Barasa hajawahi kuniuliza," alisema, na sauti yake ikawa ndogo sana.

Nilipotoka sikumsemesha, wala sikupiga mlango. Nilirudi Riruta, nikatafuta bisibisi, na kulabu ile nikaifunga ukutani kwangu, karibu na mlango, chini, mahali ambapo bega langu lilikuwa zamani. Skrubu zilikaza vizuri. Nyumba yangu haina mtoto. Wageni wakiingia huuliza fundi gani amekosea hivi, na mimi huwaambia hakukosea.

Wiki iliyofuata Mama alikuja bila kualikwa, na mfuko wa kunde zilizokwisha kuchambuliwa, ameifunga ile leso kiunoni. Aliiona kulabu mara moja. Alivua sweta yake, akainama hadi chini, akaitundika pale. Tulikula, tukaongea habari za bei ya sukari, akalala kwangu.

Asubuhi niliamka kumekucha. Upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa. Nje ya dirisha, kwenye kamba yangu, ile leso nyekundu na nyeupe ilikuwa imefuliwa na kuanikwa, inadondosha maji, pembe zake zimevutwa.

Niliketi kitandani.

"Mama?"

Nyumba ilikaa kimya kwa muda ambao sitausahau.

"Niko," sauti ilitoka jikoni. "Nachemsha chai. Lala bado."

Nilimwamini. Hata hivyo niliinuka, nikavuka sakafu ya baridi bila viatu, nikaenda kumwona kwa macho.